Pindua kwanza, sifia baadaye: namna ya kununua na kuishi na fenicha za zamani za Kichina

Watu wengi wakikutana na fenicha za zamani za Kichina macho yanakimbilia vitu vitatu: joka lililochongwa, rangi nyekundu inayong'aa, na kikaratasi kilichoandikwa "Ming". Mi nakushauri vyote vitatu uviweke pembeni kwanza. Omba ruhusa, shika kiti kwenye fremu ya kikalio, kilaze taratibu juu ya blanketi alafu piga magoti uangalie chini yake. Huko chini hakuna aliyepamba. Seremala hakuwa anamwonyesha mtu, na muuzaji aliyekaa siku nzima akipiga nta sehemu ya mbele mara nyingi huko hafiki. Umri wa kile kiti, mbao yake, kimetengenezwa upya mara ngapi, habari zote hizo zinakaa huko.

Tuweke miaka sawa kidogo maana hapa ndo watu wanapigwa sana. Utawala wa Ming ulianza 1368 ukaisha 1644, wakafuata Qing mpaka mapinduzi ya 1911. Fenicha ya Ming ya kweli ipo lakini iliyobaki ni kidogo, na iliyo bora iko makumbusho au kwa wakusanyaji wakubwa. Inayozunguka sokoni, ambayo mimi na wewe tunaweza kuifikia, ni ya Qing ya mwishoni, miaka ya 1800 hivi, na ya mwanzoni mwa karne ya 20, nyingi imetoka mikoani kama Shanxi, Hebei, Jiangsu na Zhejiang. Na usione aibu kwa hilo, kuna kabati za wakulima wa Shanxi ambazo nikiziangalia nasahau kabisa kuuliza ni za utawala gani. Ila mtu akikwambia "hii ni mtindo wa Ming" elewa kwamba anazungumzia umbo, kiti cha mtindo wa Ming kinaweza kuwa kimetengenezwa wiki iliyopita na wala hajakudanganya.

Kitu cha msingi kuliko vyote ni namna zilivyojengwa. Mafundi hawa walifikia mahali wanasimamisha kabati zima bila kutegemea misumari, na gundi kidogo tu au hakuna kabisa. Kila kipande kina ulimi unaoingia kwenye tundu la mwenzake, kwenye kona mbao mbili zinakutana kwa nyuzi 45, kwa nje unaona mstari mmoja mwembamba wakati ndani ulimi umejificha. Sasa ule ubao mpana wa juu ya meza au wa mlangoni haujabanwa, umekaa ndani ya fremu, kingo zake zimechongwa nyembamba zikaingia kwenye mfereji uliopita ndani ya fremu, na kwa chini kuna vibao vinavyokatiza kuushika usipinde. Kwa nini wajisumbue hivo? Kwa sababu mbao haitulii hata ikiwa na miaka mia mbili, hewa ikiwa na unyevu inatanuka kwa upana, hewa ikikauka inasinyaa, na kaskazini mwa China majira ya baridi ni makavu sana wakati kusini joto linakuja na unyevu mzito. Ubao ukibanwa kwa gundi pande zote utapasuka katikati. Ukiachwa huru unacheza ndani ya fremu bila kuumia. Ndo maana ukiona upenyo mwembamba kati ya ubao na fremu usishtuke, na tafadhali usimwambie fundi aujaze puti, manake ubao ukitanuka tena utakosa pa kwenda, utasukuma fremu mpaka kona zifunguke.

Ukishajua hilo, kila umbo linaanza kukuambia jambo. Chukua kile kiti cha mgongo wa duara, quanyi, ambacho mkono wake unaanzia mbele kulia unazunguka nyuma ya mabega unarudi mbele kushoto. Ule mzunguko si ubao mmoja uliokunjwa, ni vipande vitatu au vitano vilivyounganishwa kwa kulaliana na kufungwa na kabari ndogo katikati, pitisha kiganja taratibu, kwenye kiti kizuri unajua tu kwamba kiungo kipo kwa kuona mbao ikibadili michirizi, mkono wenyewe hausikii kitu. Au angalia viti vyenye kile kijiti cha juu kinachotokeza pande zote, vinaitwa vya kofia ya afisa, mguu wa nyuma na nguzo ya mgongo mara nyingi ni mti mmoja unaopenya fremu ya kikalio kutoka chini hadi juu, ndo sababu mtu mzito anaegemea na kiti hakilii. Vijiti vinavyofunga miguu chini vingi vimepangwa kwa kupanda, cha mbele kiko chini kabisa, vya pembeni juu kidogo, cha nyuma juu zaidi, ili matundu yote yasikutane sehemu moja ya mguu na kuudhoofisha, na pia watu walipenda hiyo picha ya kupanda hatua kwa hatua maishani. Kile cha mbele ni cha kuwekea miguu kwa hiyo kwenye kiti kilichotumika lazima kiwe kimelika.

Kabati ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kona za mviringo, yuanjiaogui. Juu ni nyembamba kidogo kuliko chini, miguu imetanuka kidogo sana, na milango haina bawaba za chuma, ubavuni mwa kila mlango mbao imeachiwa kichomozo juu na chini, vinazunguka kwenye matundu ya fremu. Kwa kuwa kabati limeinamia ndani, mlango ukiuachia unarudi wenyewe polepole ukafunga. Ijaribu ukipata nafasi, utaelewa kwa nini watu wanakesha na haya mambo.

Haya, mbao. Hapa ndo kelele zote za bei zilipo. Ya kwanza kwa jina ni huanghuali, ile ya kale inatoka kisiwa cha Hainan, rangi ya asali mpaka kahawia nyekundu, harufu tamu, na michirizi inayozunguka penye vifundo mpaka wauzaji wanasema ni nyuso za mizimu. Ya pili ni zitan, nyeusi ya zambarau, nzito kiasi kwamba inazama majini, chanzo chake kikubwa ni kusini mwa India, na wafalme wa Qing waliipenda sana hasa enzi ya Qianlong, 1736 hadi 1795. Kwa msomaji wa Kiswahili hizi si ngeni sana, huanghuali ni wa jenasi moja na mpingo, na zitan ni wa jenasi moja na mninga, kwa hiyo ukiwa umewahi kushika mpingo uliopigwa msasa vizuri mkono wako una mahali pa kuanzia. Mbao ngumu kama hizi zilianza kujaa kwenye karakana za Suzhou, mji wa mkoa wa Jiangsu, baada ya 1567, utawala wa Ming ulipolegeza marufuku ya biashara ya baharini na meli zikaanza kuleta magogo kutoka kusini. Kabla ya hapo nyumba tajiri zilikaa zaidi na fenicha za laka, yaani zilizopakwa utomvu wa mti unaokauka ukawa ngozi ngumu.

Bei zake sasa? Machi 2015 kwenye mnada wa Christie's New York, mkusanyo wa Robert Hatfield Ellsworth, viti vinne vya quanyi vya huanghuali viliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 9.6 za Marekani. Kwa hiyo mtu akikuuzia huanghuali ya Ming kwa bei ya simu, unajua jibu.

Kwa mtu anayetaka kumiliki na siyo kuangalia tu, nenda kwenye mbao zile nyingine. Jumu ya maeneo ya Suzhou, ngumu kiasi, ina michirizi ya ngazi ngazi kama mlima uliochorwa kwa mistari, na mafundi walioijenga ndo haohao waliojenga huanghuali, maungio yaleyale, vipimo vilevile. Mi moyo wangu uko hapo. Yumu ni ya kaskazini, Shanxi na Hebei, nyuzi nene, mbao ya watu wa kawaida, imara, mara nyingi ilipakwa laka. Kuna mbao ya mti wa jozi (walnut) ya kaskazini, laini machoni, inachongeka vizuri. Na kuna mti wa kafuri ambao ulitumika sana kwa makasha ya nguo kwa kuwa harufu yake inafukuza nondo, fungua kifuniko, kasha la kafuri la kweli hata likiwa la zamani sana ukilikwaruza kidogo ndani linanukia.

Guangdong, mkoa wa kusini, ni habari nyingine, fenicha nzito, nakshi kila kona, mawe ya marumaru mgongoni, maganda ya chaza yanayometameta. Wengine wanazidharau eti zimezidi. Mi naona zina ufundi mkubwa sana wa patasi ila zinahitaji chumba kikubwa na mwanga, kwenye chumba kidogo zinakumeza.

Sasa turudi chini ya kiti. Chukua tochi na usikimbizwe na mtu. Kitu cha kwanza ni alama za msumeno. Msumeno wa mkono unaacha mistari iliyonyooka ambayo haifuatani sawasawa, msumeno wa duara wa mashine unaacha mikunjo ya upinde inayojirudia kwa nafasi ileile, ukiiona hiyo kwenye kitu kinachoitwa cha miaka ya 1700 basi ama ubao huo ulibadilishwa ama kitu chote ni kipya. Alafu laka, meza na viti vingi vizuri vilipakwa laka upande wa chini, wakati mwingine juu ya kitambaa cha katani, kuzuia unyevu usiingie upande mmoja. Mabaki yake, yaliyokauka yakapasukapasuka kama tope la bwawa, ni dalili nzuri sana na ni ngumu kuigiza. Chini kukiwa na rangi moja ya kahawia iliyopakwa sawa kila mahali, mpaka ndani ya matundu, mtu anaficha kitu.

Miguu iangalie kwa makini. Hizi fenicha zilisimama juu ya sakafu za mawe na matofali yenye unyevu, kwa hiyo ncha za miguu ya zamani huwa zimepauka, zimelainika, zimelika kwa kutolingana, na mara nyingi zimekatwa au kuongezwa. Kuongezwa mguu siyo dhambi, ni matengenezo, ila kuonekane kwenye bei. Angalia kama kile kijiti cha mbele kimekaribia sana sakafu, ikiwa hivo miguu imefupishwa. Meza ndefu za zamani pia zilikatwa miguu zikageuzwa meza za sebuleni za kuwekea chai, ni biashara iliyofanyika sana, na kitu kilichokatwa hivo hakirudi.

Tafuta matundu yasiyo na kazi. Tundu la ulimi ambalo halina ulimi, mfereji unaoishia hewani, sehemu iliyozibwa kwa kipande cha mraba, hapo ujue mbao imetoka kwenye kitu kingine. Hii ndo feki ngumu kuliko zote kwa sababu mbao ni ya zamani kweli, harufu ni ya zamani, uzito ni sawa, ila kiti chenyewe kilizaliwa jana kutokana na kitanda kilichovunjwa. Dawa yake ni kuuliza swali moja kwa kila kipande, hili lililolika hapa, nani alilila na kwa nini? Mkono wa kiti unalika pale kiganja kinapokaa. Droo inalika chini pembeni inapotelezea. Ukikuta kulika kwa ubavuni ambako hakuna mtu anagusa, au kona zote zimezungushwa kwa usawa, ni tupa na msasa.

Vyuma navyo vinasema. Bamba za shaba nyeupe au shaba ya njano, vishikio, kufuli, vilifungwa kwa vibano laini vya chuma vilivyopenya mbao vikakunjwa kwa ndani. Fungua mlango uangalie mgongo wake. Ukikuta skrubu, siyo za wakati ule. Ukikuta kivuli cha bamba kubwa nyuma ya bamba dogo, zimebadilishwa, ambalo ni jambo la kawaida na halitakiwi kukukimbiza, omba tu punguzo. Vikalio vya kusuka pia, zamani chini kulikuwa na wavu wa kamba za nyuzi za mti wa jamii ya minazi na juu mkeka wa henzirani, hivyo vilioza karibu vyote, kwa hiyo kikalio kipya kwenye kiti cha zamani hakinipi shida, kinachonipa shida ni muuzaji anayeapa ni chenyewe.

Rangi nyekundu niliyosema mwanzo: kabati nyingi za harusi na kabati za vijijini zilizotoka China kwa makontena kuanzia miaka ya 1980 na 1990 zilikwanguliwa, zikapigwa msasa, zikapakwa upya ziendane na sebule za wanunuzi wa nje. Muundo unaweza kuwa wa zamani halali, ila ngozi ni mpya, na mi ngozi naithamini sana. Laka ya miaka mia iliyopauka, yenye alama za mikono karibu na kufuli, hairudishwi na mtu yeyote. Kati ya kabati chakavu lenye laka yake na kabati linalong'aa lililokwanguliwa chukua chakavu.

Jicho linafundishwa kwa kuangalia vitu vya uhakika, nyingi na kwa muda mrefu. Ukifika Shanghai nenda Shanghai Museum, ina vipande 79 vilivyotoka kwenye mkusanyo wa Wang Shixiang, 1914 hadi 2009, msomi aliyefanya zaidi ya karibu mtu yeyote kuzipa fenicha hizi heshima, akizichora, akizipima na kuandika kila kiungo wakati wengine walikuwa wanaziona ni vitu vya zamani tu. Nje ya China, kule Marekani, makumbusho za Minneapolis Institute of Art na Nelson-Atkins ya Kansas City zina mikusanyo mizuri sana, na makumbusho makubwa mengi yameweka picha mtandaoni, zikuze mpaka uone kona. Beijing kuna soko la vitu vya kale la Panjiayuan na mtaa wa fenicha wa Gaobeidian, nenda bila pesa mara ya kwanza, shika vitu, pindua vitu, uliza.

Kabla hujalipa fikiria na sheria. China hairuhusu vitu vya kale vya kabla ya 1911 kutolewa nje, kanuni hiyo iliwekwa 2007, na vya mpaka 1949 navyo vinaweza kuhitaji kukaguliwa. Kwa hiyo ukinunua ndani ya China uliza karatasi, na ukinunua nje ya China uliza kitu kilitoka lini na kwa nani. Alafu kuna CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, karibu mbao zote za Dalbergia, ile jenasi ya mpingo, huanghuali ikiwemo, zilikuwa kwenye Kiambatisho chake cha Pili, orodha ya vitu ambavyo biashara yake inadhibitiwa, kufikia Januari 2017, na zitan ilikuwemo kabla ya hapo, maana yake kuvuka mpaka na kiti cha mbao hizo kunaweza kuhitaji kibali. Shughulikia kibali kabla ya kulipa usafiri. Yumu na jumu hazina hilo tatizo, sababu nyingine ya kuzipenda.

Umeshaleta nyumbani. Adui mkubwa siyo watoto wala chai, ni hewa inayobadilika ghafla. Unyevu wa kati ya asilimia 45 na 60 unaifaa, na usiruke kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa wiki moja. Usiiweke mbele ya kiyoyozi, karibu na hita, wala dirishani jua linapopiga, huanghuali hasa inapauka. Kama imetoka mahali penye unyevu kuja pakavu, iache mwezi wa kwanza bila kuigusa gusa, utasikia inatoa milio usiku, inajipanga. Mchwa na bungua waangalie kila baada ya muda, matundu ya zamani ni meusi ndani na hayana neno, ila ukikuta unga mpya mweupe chini ya mguu itenge fasta na vitu vingine alafu mwite mtu wa kutibu.

Kusafisha ni kitambaa kikavu laini, basi. Brashi laini kwa nakshi. Mara moja au mbili kwa mwaka nta ya nyuki kidogo sana kwenye mbao isiyo na laka, unapaka nyembamba, unasubiri, unafuta mpaka kitambaa kiteleze. Zile dawa za kupuliza zenye silikoni ziache, zinaacha utando ambao fundi wa baadaye atahangaika nao. Kwenye laka ya zamani usipake maji wala spiriti. Ukihamisha kiti usikinyanyue kwa mikono yake, shika fremu ya kikalio, na meza ishike kwenye fremu iliyobeba ubao, usiiburute, miguu iliyokwisha kula unyevu wa miaka mingi inavunjika kirahisi pale ulimi ulipo.

Alafu itumie. Kalia, weka vitabu, fungua droo. Viungo hivi vilijengwa vibebe uzito na kitu kinachotumika kila siku unagundua mapema kikianza kulegea. Kwa anayeanza ningesema anunue kiti cha jumu au yumu kisicho na mikono, kile cha mgongo mrefu ulionyooka wanachokiita cha kutundikia taa, au kigoda cha miguu minne, ni vidogo, unavipindua peke yako, na kwenye kimoja tu unakuta karibu maungio yote niliyoyasema.

Kiungo kikilegea, na kitalegea, tafuta fundi aliyewahi kufungua viungo vya ulimi na tundu. Muulize atatumia gundi gani. Gundi ya wanyama au ya samaki inafunguka tena kwa joto na unyevu, kwa hiyo fundi wa miaka hamsini ijayo ataweza kurekebisha alichofanya huyu, wakati epoksi haifunguki bila kuvunja ulimi. Kama anataka kupiga skrubu au msumari kwenye kiungo, usimwachie kiti. Na kabla ya kumpa, piga picha chini, nyuma, ndani ya droo na kila kona, ziweke pamoja na risiti, ili kikirudi ukipindue tena ulinganishe.